Kubweteka: maradhi yanayoingia nyumbani siku ambayo hakuna mgonjwa



Kwa kawaida ukurasa huu huanza na dalili za maradhi, kisha sababu, kisha tiba. Leo naomba nianze na chandarua changu mwenyewe. Kilikuwa juu ya kabati la nguo, kimekunjwa na kufungwa fundo, kimejaa vumbi. Kilipandishwa pale wakati wa joto la mwezi wa Februari, kwa maelezo kwamba feni inatosha na kwamba hapa mjini Unguja malaria ilishakwisha. Aliyetoa maelezo hayo ni mimi, tena mbele ya watoto.

Mwezi wa Julai mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka mitano, alirudi kwetu akitokea kwa bibi yake Muheza alikokwenda likizo. Siku ya nne akashikwa na homa. Nikasema mafua, na nyumba nzima ikakubali, kwa sababu nusu ya mtaa ilikuwa na mafua wiki ile. Tukampa dawa ya kutuliza homa. Ikashuka, ikapanda, tukampa tena. Usiku wa tatu akapatwa na degedege mikononi mwa mama yake. Hospitali wakamchoma kidole, na kipimo kikaonyesha mistari miwili kabla ya dakika ishirini kupita. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Mtoto analala kwenye chandarua?" Nikamjibu, "Ndiyo, daktari." Huo ulikuwa uongo. Niliona haya kusema kweli. Alhamdulillah, mtoto alipona baada ya kuchomwa sindano na kulazwa siku nne.

Nimeyaandika haya ili usidhani kuwa anayekukumbusha leo amekaa pembeni akiwatazama wengine. Ninalizungumzia jambo lililonipata mimi, na kwa jinsi ninavyoona majumbani mwetu, huenda limeshaingia na kwako.

Mvivu na aliyebweteka

Watu wengi huchanganya kubweteka na uvivu. Mvivu anaijua kazi na anaikwepa, na moyoni mwake anajua kuwa anakosea. Aliyebweteka anaamini kabisa kwamba kazi imekwisha. Hana wasiwasi, na analala usingizi mzuri. Ndiyo maana mvivu unaweza kumkemea akainuka, lakini aliyebweteka ukimwambia jambo anakushangaa wewe.

Kinacholeta hali hii mara nyingi ni mafanikio. Mwaka ambao kila nyumba ina mgonjwa, hakuna anayehitaji kukumbushwa kufunika maji au kushusha chandarua. Hofu yenyewe inatosha. Lakini watu wakifanya kazi vizuri, ugonjwa unapungua. Ugonjwa ukipungua, hofu inaondoka, na hofu ikiondoka, kazi nayo inaachwa. Kisha tunatazama nyumba zetu zilizo salama tukadhani kuwa usalama ule umejijia wenyewe. Wazee walisema usione vyaelea, vimeundwa. Afya ya mtaa nayo imeundwa, na mafundi wakiondoka inaanza kuvuja maji.

Angalia zile ndoo zenye koki zilizowekwa milangoni mwaka 2020, wakati wa korona. Kwenye maduka, ofisi, madrasa na misikiti, kila mahali palikuwa na ndoo na sabuni. Leo nyingi hazipo, na chache zilizobaki ni kavu. Je, mikono yetu imeacha kushika uchafu? Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kuenea mikoani hadi visiwani kilipita katika mikono hiyo hiyo na maji hayo hayo. Ndoo ile ilikuwa na faida kabla ya korona, na faida hiyo haikuondoka na korona. Lakini hilo nalipitia kwa haraka, maana mfano ninaotaka tuutazame kwa kituo ni wa malaria.

Kisiwa kilichobaki na wagonjwa 17

Katika Bahari hiihii ya Hindi kipo kisiwa cha Sri Lanka, ambacho zamani kikiitwa Ceylon. Katika miaka ya 1934 na 1935 kilipata mlipuko wa malaria uliokadiriwa kuua watu wapatao 80,000. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaanza kupulizia nyumba dawa ya DDT, na kwa zaidi ya miaka kumi na tano wakaendelea bila kuchoka. Ilipofika mwaka 1963, nchi nzima iliandikisha wagonjwa 17 tu wa malaria, na wengine kati ya hao waliupata ugonjwa huo nje ya nchi.

Sasa jiweke mahali pa watawala wa Ceylon wa mwaka ule. Una wagonjwa 17. Una watu wanaolipwa mishahara kupulizia dawa katika nyumba ambazo hazina mgonjwa. Fedha zinahitajika kwingine. Ungeamua nini? Wao waliamua kusimamisha upuliziaji. Baada ya miaka michache mvua zikawa haba, mito ikaacha madimbwi ambamo mbu wa kule hupenda kuzaliana, na watu wakahamia kwa wingi sehemu za kuchimba vito. Katika miaka ya 1968 na 1969 wagonjwa walipindukia nusu milioni. Na walipotaka kurudi kwenye DDT, mbu wakaanza kuizoea.

Iliwachukua Sri Lanka zaidi ya miaka arubaini kurudi pale walipokuwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alipatikana mwaka 2012, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaithibitisha kuwa haina malaria. Safari hii hawakufunga kazi. Wanaendelea kupima homa na kufuatilia wasafiri, kwa kuwa wameshaonja malipo ya kubweteka.

Unguja na Pemba, si mara moja

Huenda ukasema hayo ni ya Sri Lanka. Basi turudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Zanzibar iliingia katika mpango wa WHO wa kutokomeza malaria. Nyumba zilipuliziwa dawa, na kufikia mwaka 1968 watu waliokutwa na vijidudu vya malaria katika damu walikuwa wamepungua sana kulinganisha na hali ilivyokuwa kabla. Mpango ukasimama. Malaria ikarudi, na ikawa tena ugonjwa wa kila nyumba.

Miaka ya 1980 ikaja jitihada ya pili, kwa msaada wa Marekani, nayo ikategemea DDT. Ilipofika 1989 ikaisha, na malaria ikaendelea kutamba. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka utoto wa klorokwini, uchungu wake na ule muwasho wa mwili usiku kucha. Hatimaye hata klorokwini ikashindwa, kwa sababu vijidudu viliizoea.

Jitihada ya tatu ilianza mwaka 2003, pale dawa mseto ilipochukua nafasi ya klorokwini. Mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wingi na nyumba zikaanza kupuliziwa tena. Miaka michache tu baadaye, watu waliokutwa na vijidudu hawakufika hata mmoja katika kila mia. Wodi za watoto zilizokuwa zikilaza wawili wawili kitanda kimoja msimu wa mvua zikatulia. Hiyo ilikuwa neema kubwa, na haki yake ilikuwa tuishukuru kwa kuilinda.

Lakini mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka kwa kasi Zanzibar, baada ya miaka mingi ya utulivu. Mvua zilikuwa nyingi, watu wanasafiri kila siku baina ya visiwa na bara, na vyandarua vya nyumba nyingi, kikiwamo changu, vilikuwa kabatini. Aidha, mwaka 2025 Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mfadhili mkubwa wa vita vya malaria hapa, ilipunguza sana misaada yake ya nje. Kwa hiyo anayesubiri kuletewa kila kitu mlangoni ajue kuwa mlango ule umeshaanza kufungwa.

Wataalamu waliotaka kujua kwa nini malaria hurudi walikusanya matukio 75 ya namna hiyo kutoka nchi 61, tangu miaka ya 1930. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012, matukio 68 yalihusishwa, yote au kwa sehemu, na kulegea kwa kazi ya udhibiti. Mvua, vita na usugu wa dawa vilikuwamo, lakini kilichofungua mlango mara nyingi kilikuwa ni watu kuacha kazi ilhali inafaulu.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu anayekulia mahali penye malaria nyingi hujenga kinga kidogo kidogo, ingawa anaijenga kwa kuugua na wengine hufa njiani. Anayekulia mahali ambapo malaria imepungua hana kinga hiyo. Mtoto aliyezaliwa mjini Unguja katika miaka hii, ukimpeleka Muheza au kwingineko bara, yeye kwa malaria ni mgeni kabisa. Binamu zake wa kule wanaweza kuugua homa ya siku mbili. Yeye anaweza kupata degedege. Kwa maneno mengine, kadiri tunavyofanikiwa ndivyo kosa dogo linavyozidi kuwa ghali. Kwa mpwa wangu lilikuwa kosa dogo la usiku kadhaa bila chandarua, na la mjomba aliyesema ni mafua.

Ngamia na masuke ya ngano

Sisi Waislamu tunao mlango wetu wa pekee ambao kubweteka hupitia, nao ni kulitumia vibaya neno tawakkul. Utasikia mtu akisema, "Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi," huku dimbwi liko nyuma ya jiko lake. Kauli yake ni ya kweli, lakini anaitumia kujificha. Bwana Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo ategemee. Kamba haikuondoa tawakkul. Kamba ilikuwa sehemu yake.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi katika jambo hili ni cha Nabii Yusuf (a.s.). Sote tunakijua: ndoto ya mfalme wa Misri, ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Hebu tazama maagizo yalielekezwa miaka ipi. Kulima kwa bidii miaka saba mfululizo, kuyaacha mavuno katika masuke yake ili yasiharibike, kujipimia kiasi kidogo cha kula, hayo yote yaliangukia miaka ya neema. Ilipofika miaka ya ukame hapakuwa na kubwa la kufanya zaidi ya kula kilichowekwa. Fikiria mkulima wa Misri katika mwaka wa tano, ghala zimejaa, mvua nzuri, na bado anaambiwa aweke akiba. Sidhani kama hakunung'unika.

Kuhusu Misri, mwezi wa Oktoba 2024 WHO iliithibitisha kuwa haina malaria, baada ya jitihada za karibu miaka mia moja. Mwaka 2014 nchi ile ilikuwa karibu kufika, kisha homa zikazuka sehemu ya Aswan, kusini, karibu na mpaka wa Sudan. Laiti waliokuwa wakipima wangekuwa wameshafunga vitabu vyao, mlipuko ule ungeenea. Ulionekana mapema ukazimwa, kwa sababu walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kutafuta ugonjwa ambao karibu haupo.

Tufanye nini majumbani?

Nilijiuliza swali hili nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi. Kwanza nilijiapiza kuwa nitakuwa mwangalifu zaidi. Kisha nikakumbuka kuwa nilijiapiza hivyo hivyo miaka ya nyuma. Azma inayotokana na woga hudumu kadiri woga unavyodumu. Mtoto akipona, nayo inakwenda zake. Basi tukitaka kuishinda tabia hii, kazi ya kinga inabidi tuifunge kwenye siku na saa, isingoje tuogope.

Dini yetu imeshatufundisha njia hiyo katika usafi. Hatungoji mikono ichafuke ndipo tutawadhe. Wakati wa swala ukifika na udhu huna, unatawadha, hata kama unajiona msafi. Kuoga kwa ajili ya Ijumaa kuna siku yake. Hata kukata kucha, kama alivyopokea Anas bin Malik (r.a.), kuliwekewa mpaka: zisiachwe zaidi ya siku arubaini. Kwa nini mpaka? Kwa sababu kucha hurefuka polepole, na jicho linazizoea. Hakuna asubuhi unayoamka ukaziona zimekuwa ndefu ghafla. Chandarua nacho kinachanika hivyo hivyo, tundu moja leo, jingine baada ya mwezi, na jicho linazoea.

Nyumbani kwetu sasa Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya vyandarua. Tunakikagua kila kimoja dhidi ya mwanga, na penye tundu tunashona kwa sindano na uzi. Kikichafuka kinafuliwa kwa sabuni ya kawaida, bila dawa ya kung'arisha nguo, na kuanikwa kivulini, maana jua kali huharibu dawa iliyomo. Usikifue kila wiki. Kwa kawaida dawa yake hustahimili kufuliwa kama mara 20, na chandarua chenyewe hutarajiwa kudumu kiasi cha miaka mitatu. Kila usiku pindo lake lichomekwe chini ya godoro au mkeka. Na kisifungiwe mabanda ya kuku wala kuvulia dagaa, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu.

Kuhusu feni, sina ugomvi nayo. Ila umeme ukikatika saa nane za usiku feni inasimama, na mbu hana habari na bili yako.

Kisha, mpe kazi mtu mmoja kwa jina. Jambo likiachiwa nyumba nzima, kila mmoja hudhani mwenziwe ameshalifanya. Na huyo mtu asiwe mama kila siku. Kwetu amepewa mtoto wa darasa la tano, na ninakiri kuwa ni mkali kuliko nilivyotarajia. Wiki iliyopita alinitoa kitandani nichomeke upande wangu.

Jambo la tatu ni homa. Homa yoyote ipimwe ndani ya saa 24, hasa ya mtoto, mjamzito, au mtu aliyetoka safari. Ukifika zahanati, taja safari yako kabla hujaulizwa. Usimeze dawa ya malaria bila kupima, na usiikatae malaria bila kupima, kwa kuwa mafua na malaria huanza kwa sura zinazofanana sana. Na pale ofisa wa afya wa wilaya anapokufuata nyumbani kupima familia kwa sababu mmoja wenu amekutwa na malaria, mfungulieni. Nasikia wapo wanaomwambia arudi siku nyingine, kwani mgonjwa ni mmoja tu. Huyo mmoja ndiye anayetafutiwa wenzake, maana mtu anaweza kubeba vijidudu bila kujisikia mgonjwa, na mbu akavichukua kwake kuvipeleka kwa jirani.

La nne ni kumaliza dozi, na hapa nina jambo la kusema. Mpwa wangu aliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya dawa mseto vya siku tatu. Siku ya pili alikuwa anacheza mpira uani. Mama yake akataka kuvihifadhi vilivyobaki viwe vya akiba. Dada yangu ni mtu mwenye akili na huruma, hakuwa na nia mbaya, alimwona mwanawe mzima akaona dawa zinapotea bure. Ndivyo tunavyofanya wengi. Lakini homa kushuka maana yake ni kwamba vijidudu vimepungua. Vilivyobaki huweza kuzaana upya, na vinavyozoea dawa ndivyo vilivyotuharibia klorokwini. Nikamwambia, "Dada, kama si kwa ajili yake basi kwa ajili ya mtoto wa jirani." Akavimaliza.

Kwa hili wenye shinikizo la damu na kisukari wananielewa. Wangapi wameacha vidonge kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri? Mara nyingi kipimo kimekuwa kizuri kwa sababu ya vidonge. Ukiona umetulia, nenda ukazungumze na daktari wako, usijiachishe mwenyewe.

Kazi ambayo haimtegemei mtu kukumbuka

Jambo la mwisho ninalotaka tulitafakari limetoka Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti pamoja na wenyeji walitaka kupunguza mbu wanaoeneza matende, ambao huzaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Wangeweza kupulizia dawa kila baada ya wiki kadhaa, na bila shaka ingefika siku watu wangechoka. Badala yake walimwaga ndani ya mashimo yale punje nyeupe nyepesi, mfano wa zile zinazofungashiwa redio zisivunjike. Punje zikaelea na kutanda juu ya maji, mbu akakosa pa kutagia, na viluwiluwi vikakosa hewa. Tabaka lile lilibaki palepale mwaka hadi mwaka bila mtu kulikumbuka. Mbu walipungua sana, na pamoja na dawa walizopewa watu, matende nayo yakapungua.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu waliofanya kazi ile waliijua tabia ya binadamu. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa vitu vidogo. Badala ya kuwaambia watoto kila siku wafunike tangi, litengenezewe mfuniko wenye bawaba unaojifunga wenyewe. Shimo la nyuma ya jiko lifukiwe mara moja, kuliko kumwaga maji yake kila ikinyesha. Madirisha yawekwe wavu. Matairi mabovu yaondolewe uani moja kwa moja, maana mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama humo na huuma mchana, wakati ambao chandarua hakikusaidii.

Na wale wazee wenzangu tunaopenda kukaa barazani baina ya Magharibi na Isha, tujue kuwa baada ya nyumba kupuliziwa dawa, mbu wengi wa malaria waliobaki visiwani ni wa aina inayopenda kuuma nje na mapema. Kanzu ndefu inasaidia miguu. Soksi si aibu.

Kwa viongozi wa misikiti na walimu wa madrasa nina ombi moja. Mahali pa kutawadhia, birika na mifereji yake, pawekwe kwenye ratiba ya kamati kama yanavyowekwa malipo ya umeme. Na zile madrasa za bweni, mwalimu mmoja apite na tochi usiku baada ya watoto kulala, ahesabu vyandarua vilivyoshushwa. Aandike idadi kwenye daftari. Akiandika usiku mmoja kuwa vimeshushwa vyote thelathini, usiku unaofuata ahesabu tena.

Wiki ijayo, Inshaallah, tutajibu swali la msomaji wetu wa Chake Chake kuhusu namna ya kusafisha tangi la maji ya mvua kabla ya msimu wa vuli.

Wabillahi tawfiq.